Chupa Nne Nilizoziacha Langoni

Juzi nilikuwa Timau kununua mbegu ya viazi nikamwona mmoja wenu, nyinyi viongozi wa mlima, akipita na wageni wanne kuelekea mlimani. Kijana safi, buti nzuri, mgongo umenyooka. Kofia alikuwa nayo, lakini alikuwa ameigeuza nyuma, ukingo umelala kisogoni na uso uko wazi kama sahani. Na kwa kuwa mgeni humwiga kiongozi wake, wawili hawakuvaa kofia kabisa, na wa tatu alikuwa amefunga yake kwenye mkanda wa begi, inaning'inia kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nilitaka kumwita. Kisha nikakumbuka kwamba nimestaafu, na mzee aliyestaafu akianza kuwapigia watu kelele barabarani, wanawe huitwa waje wamchukue.

Basi nimeamua kuwaandikia. Msome mkiwa mmekaa kivulini, tafadhali.

Kwa msionijua, nimeongoza watu kwenye Mlima Kenya, upande huu wetu wa kaskazini, kwa miaka thelathini na mmoja. Mama yangu hakusoma, na lile neno la Kiingereza la kazi yangu, guide, likipita mdomoni mwake lilitoka "gaidi". Mara mbili alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kuwa mwanawe amepata kazi ya gaidi, na mara zote mbili mchungaji aliitikia amina kwa sauti ya chini sana.

Katika miaka hiyo yote nimejibu maswali ya kila aina. Ndovu, baridi, kichwa kuuma, choo kiko wapi. Swali la jua nimeulizwa mara chache kuliko yote, na jua ndilo lililowaumiza watu wangu wengi kuliko yote. Hili jambo limenichosha. Mtu anatoka Nairobi kwa likizo ya siku nne, amenunua koti la manyoya, glovu mbili mbili, soksi za sufu, dawa ya tumbo na filimbi ya kuitia msaada. Unamuuliza, "Na ya jua umebeba nini?" Anakutazama kama umemuuliza kama amebeba wavu wa kuvua samaki. "Si huko ni baridi?"

Ndiyo, ni baridi. Nyinyi wa Timau mnajua tunavyovaa sweta saa sita mchana. Hiyo baridi ndiyo inayomdanganya mtu. Kule chini jua likikuchoma unalisikia, unatokwa na jasho, unatafuta kivuli mwenyewe. Kule juu upepo unakupoza huku jua linakuchoma, na hujui mpaka jioni shingo ikikataa kola ya shati. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na jua linavyokuja kali. Mawingu nayo yasikudanganye, maana nimeona watu wakiungua siku ambayo hawakuona hata kivuli chao wenyewe. Na kukiwa na theluji, unachomwa mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Ndiyo maana ninawaambia mpake losheni chini ya kidevu, nyuma ya masikio, na pembeni mwa matundu ya pua. Mnacheka. Nilimwona mwanamume mzima aliyeungua kaakaa kwa sababu alipanda kwenye theluji akihema mdomo wazi siku nzima. Hakuweza kunywa uji.

Halafu kuna hawa wa kwetu wanaosema, "Mimi ni mweusi, siungui." Ngozi nyeusi huchelewa kuungua. Kuchelewa si kukataa. Na macho hayana weusi wala weupe, yote yanaungua.

Sasa msidhani nilizaliwa nikijua haya. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Njeru, mtu wa Kanja kule Embu, ambaye alioa huku kwetu akabaki. Alikuwa mpishi wa safari na alijua mlima kuliko sisi tuliokuwa tukiitwa viongozi. Mwaka wangu wa kwanza, mgeni mmoja Mzungu alivua shati akalala juu ya mwamba saa saba mchana, akaamka mgongo umekuwa mwekundu kama nyanya. Njeru alikuwa ameenda kuteka maji. Mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikachukua mkebe jikoni nikampaka. Njeru akarudi, akanusa.

"Umempaka nini huyu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia."

Akaweka mtungi chini pole pole. "Na jua bado linawaka," akasema. "Basi hapo umekosa kitunguu tu."

Alinifundisha siku hiyo hiyo. Aliyeungua mpeleke kivulini kwanza. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji baridi, mwekee, kikipata joto kiloweshe tena, na usichoke haraka. Barafu yenyewe usimwekee kwenye ngozi. Mpe maji anywe, mengi, hata akisema hana kiu. Mvishe nguo pana. Mafuta mazito usimpake, kwa sababu yanafungia moto ndani. Malengelenge usiyatoboe, maana hiyo ngozi iliyovimba ndiyo bandeji aliyopewa na Mungu, na ukiitoboa umefungulia uchafu mlango. Akianza kutetemeka, kutapika, kuwa na homa au kuongea mambo yasiyoeleweka, acha udaktari wako, mshushe hospitali. Haya yote yanatosha kuandikwa nyuma ya kalenda. Na bado kila mwaka nilikuta kiongozi mpya na mkebe wa mafuta mkononi.

Lakini kosa la mafuta ya kupikia ninaweza kulisimulia tukacheka. Nililokaa chini kuandika ni jingine, na nilikuwa nimeshafanya kazi zaidi ya miaka ishirini nilipolifanya, kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa mgeni wa kazi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Walikuja walimu saba wa shule moja ya sekondari kule Mitunguu, kwenye joto na migomba. Aliyewaleta alikuwa mwalimu mkuu wao, Bwana Mutuma, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mcheshi, ambaye hakuwa amezoea kuambiwa hapana. Katika hao saba alikuwemo mwalimu wa hesabu aliyeitwa Gatwiri. Alikuwa na ualbino. Alishuka kwenye gari amevaa kofia pana iliyoshonewa kitambaa cha kufunika shingo, shati la mikono mirefu, glovu nyepesi, miwani myeusi, na mkononi ana mwavuli.

"Mwalimu, unaenda kurina asali?" Bwana Mutuma akamtania, na wengine wakacheka.

"Nyuki wakija mtanitafuta," akasema Gatwiri, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Asubuhi hiyo mpagazi mmoja alikuwa ameamka na homa, hakuja. Mizigo ya watu saba ikabidi igawanywe kwa wachache. Nikatoa mzani, nikaanza kupima mabegi hapo langoni, na kila begi lilizidi. Nikawaambia walimu wapunguze. Bwana Mutuma alikuwa amebeba spika ya muziki ukubwa wa kreti ya soda. Nikamwambia hiyo ibaki. Tukabishana. Akasema safari bila muziki ni matanga, akasema yeye ndiye aliyewashawishi watu waje, akaongea mpaka nikachoka. Spika ikapanda.

Begi la Gatwiri lilikuwa limezidi kidogo tu. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye dirisha la kujiandikisha. Nikalifungua. Juu juu kulikuwa na chupa nne kubwa nyeupe zenye vifuniko vya buluu. Nikafungua moja nikanusa, inanukia vizuri. Nikasema moyoni, hawa akina mama na mafuta yao ya urembo, siku nne tu nani atakuangalia huko? Maandishi ya kwenye chupa sikuyasoma. Nikazitoa zote nne, nikazitia kwenye boksi, nikamwachia askari wa lango. Mwenyewe sikumwambia. Nilipomaliza kupima nilijisifu kwamba uzito umekaa sawa.

Mnaona hesabu yangu. Spika ilipanda kwa sababu mwenyewe alikuwepo anapiga kelele. Chupa zilibaki kwa sababu mwenyewe hakuwepo na sikutaka kumngoja dakika tano.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Gatwiri alikuwa na kichupa kidogo mfukoni, akawa anajipaka kila baada ya saa mbili hivi, bila kukumbushwa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulikuwa tumeshauacha msitu. Kule juu, wengi wenu mnakujua, ni majani na mawe tu. Mti hakuna. Jua lilikuwa limetoka safi kabisa na upepo ni baridi. Gatwiri alikikamua kile kichupa mpaka kikapiga mluzi, akakitia mfukoni, akaja nilipokuwa.

"Mzee Murithi, chupa zangu ziko kwa begi gani?"

"Chupa zipi, Mwalimu?"

"Nne. Nyeupe, kifuniko cha buluu."

"Yale mafuta ya kujipaka?"

"Losheni ya jua."

"Yako langoni."

"Nani aliyatoa?"

"Ni mimi. Mizigo ilikuwa imezidi."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisimama pale akaitazama njia tuliyokuja nayo, halafu akaitazama ile tuliyokuwa tukienda, na zote mbili zilikuwa jua tupu. Mzee Njeru alikuwa amesikia. Alitua mzigo wake wa sufuria, akafungua turubai ya hema, akaifunga kwenye fimbo mbili na mwamba, akamwambia Gatwiri, "Kaa hapa chini, mwanangu." Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiembu neno ambalo sitaliandika.

Bwana Mutuma akaja kuuliza tunangoja nini. Nikamweleza. Akacheka, si kwa ubaya, alitaka kutupa moyo.

"Mwalimu, si ni siku mbili tu? Jikaze. Hii jua haina hata joto. Sisi tumelelewa na jua ya Mitunguu, hii ya hapa ni kama taa ya friji."

Gatwiri akamjibu kutoka chini ya turubai. "Kaka yangu pia aliambiwa ajikaze."

Bwana Mutuma akaacha kucheka.

"Alikuwa kama mimi," akasema Gatwiri. "Mkubwa wangu. Alikuwa akinyunyizia migomba ya baba maji tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyejua hatari ya jua, hata baba hakujua. Akatokea kidonda hapa nyuma ya sikio, tukaweka majani. Kikakauka, kikarudi. Alipofika hospitali walituuliza mlikuwa wapi. Alikufa akiwa na miaka ishirini na sita. Mimi sasa nina thelathini na tatu, Mwalimu Mkuu, na si kwa kujikaza."

Bwana Mutuma akasema, "Pole, Mwalimu. Sikuwa najua." Nadhani alimaanisha. Lakini kofia hakuvaa.

Tulishauriana. Kurudi langoni siku hiyo kungemweka juani saa nyingi kuliko kuendelea, maana kibanda cha kulala kilikuwa kimebaki mwendo wa saa moja. Tukangoja wingu zito, tukamfunika kwa shuka ya Njeru juu ya kofia na mwavuli, tukaenda mbio mbio mpaka kibandani. Akaingia ndani akakaa mbali na dirisha.

Nikamwambia, "Kesho alfajiri nitashuka kuzileta."

"Utatuma mtu?"

"Nitaenda mwenyewe."

"Ni sawa," akasema, na akafungua kitabu chake.

Kulipopambazuka nikashuka. Sitawasimulia magoti yangu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na nilienda kama mtu anayefukuzwa. Simu haikuwa ikishika mtandao, kwa hiyo sikuweza hata kumwambia askari aniletee boksi njiani. Nilipofika langoni nikamkuta amekaa nje, suruali ameikunja, miguu inang'aa.

"Yale mafuta yako ni mazuri," akaniambia. "Yanalainisha."

Nilihesabu. Chupa tatu na nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye magoti ya askari. Nilitaka kumgombeza lakini ningemgombeza na mdomo gani? Yeye pia hakusoma maandishi. Nikanywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nikiwa nimesimama, nikaanza kupanda.

Huku nyuma, na haya niliambiwa na Njeru, usiku theluji ilikuwa imeanguka kule juu ya kibanda. Walimu waliamka wakakuta miteremko imekuwa myeupe. Watu wa Mitunguu hao, theluji wameiona kwenye televisheni. Bwana Mutuma akasema hawawezi kumngoja Murithi wakati Mungu amewamwagia unga. Njeru akaona hatawazuia, akaona afadhali aende nao, Gatwiri akabaki ndani. Ila kwanza alikata kadibodi ya boksi la majani chai, akatoboa mistari miwili myembamba ya kuonea, akafunga uzi. Akawakatia wasiokuwa na miwani. Hiyo ndiyo miwani ya maskini, na inafanya kazi, nyinyi wenye miwani ya bei mnaoiweka juu ya nywele mnaweza kujifunza kuikata. Akasaga makaa pia, wapake chini ya macho ili mng'aro upungue.

Walimu wengine walivaa. Bwana Mutuma aliishika ile kadibodi akaigeuza geuza.

"Mzee, nikivaa hii nitaonekana aje kwa picha?"

Akairudisha. Akaenda kichwa wazi, fulana ya mikono mifupi, kwa sababu alipocheza alisikia joto. Walikaa huko zaidi ya saa tano, wanarushiana theluji, wanapiga picha, spika inaimba. Njeru alimwita mara tatu. Mara ya tatu akaambiwa, "Mzee, wewe pika."

Nilifika kibandani saa kumi na moja jioni. Nje kulikuwa kimya, hata spika imezimwa. Nikaingia. Bwana Mutuma alikuwa amelala chali, mikono ameshika ubavu wa kitanda. Midomo imevimba. Shingo kwa nyuma imefura malengelenge. Macho ameyafunga na machozi yanatoka yenyewe. Gatwiri alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamwekea kitambaa cha maji baridi juu ya macho.

"Ni kama mtu amenirushia mchanga na pilipili," akasema mwalimu mkuu aliposikia sauti yangu. "Murithi, nimekuwa kipofu?"

"La, Bwana Mkuu. Macho yameungua. Kwa kawaida yanapona baada ya siku moja au mbili, lakini tukishuka utaenda kwa daktari wa macho. Usiyasugue."

"Nataka kuyasugua."

"Najua. Usiyasugue."

Mwalimu mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu na dawa ya meno, anataka kumpaka shingoni kwa sababu ina ubaridi. Mwingine akauliza kama kuna mafuta ya kupikia. Nilimwona Njeru mlangoni akiniangalia.

"Dawa ya meno ni ya meno," Gatwiri akawaambia bila kugeuka. "Leteni maji. Na mtu azibe hilo dirisha, mwanga unamuumiza."

Tulimpa tembe za kutuliza maumivu na maji kikombe baada ya kikombe. Alipotulia nikamwita Gatwiri kando nikampa mfuko. Akahesabu.

"Hii moja imeenda wapi nusu?"

"Iko kwa magoti ya askari wa lango."

Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu jana yake. Kisha akasema, "Umechoka, Mzee. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia niliyokuwa nikiyapanga njia nzima, kwamba nimekosa, kwamba nilidhani ni ya urembo, kwamba nina binti wa rika lake na ningemvunja mtu shingo kama angemfanyia hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini siku nyingine, kabla hujatoa kitu kwa begi ya mtu, uliza. Hiyo peke yake. Mimi nikibeba kitu kizito mpaka huku, jua kina maana yake."

Kilele hatukukiona. Mwalimu mkuu hangeweza kupanda, na wenzake hawakutaka kumwacha. Asubuhi yake tukashuka. Nilitaka nimshike mkono mimi, lakini yeye akamtaka Gatwiri, kwa sababu usiku kucha sauti yake ndiyo iliyokuwa ikimwambia asiyasugue. Basi wakaenda hivyo, Gatwiri amejipaka, amevaa yake yote, mwavuli ameuinua juu ya wote wawili, na lile jitu limefungwa kitambaa machoni likimshika bega. Sasa, Gatwiri naye hakuwa akiona mbali. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Nilitembea mbele yao nikiita kila jiwe.

Nikamsikia Bwana Mutuma akiuliza, "Mwalimu, na wewe si macho yako ni mabaya?"

"Ni mabaya."

"Sasa tutafika?"

"Yangu yamezoea kuwa mabaya. Yako yameanza jana."

Walitembea kidogo. Kisha mwalimu mkuu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo. "Zile barua zako niliziweka kwa droo. Nilizisoma, lakini niliziweka."

Sikujua ni barua gani. Gatwiri ndiye aliyenieleza langoni, tulipokuwa tukingoja gari. Shuleni kwao kulikuwa na sheria ya kukataza kofia kwenye uwanja wa gwaride, na kila Jumatatu na Ijumaa wanafunzi walisimama juani karibu saa nzima. Wanafunzi wawili walikuwa na ualbino kama yeye. Alikuwa ameandika mara mbili kuomba waruhusiwe kofia na mikono mirefu. Hakujibiwa.

Macho ya mwalimu mkuu yalipona siku ya tatu. Shingo ilichunika wiki nzima na akabaki na baka. Muhula ulipofunguliwa, aliitangaza sheria mpya mwenyewe, akiwa kwenye gwaride, akiwa amevaa kofia. Wanafunzi wote wakaruhusiwa, si wale wawili tu. Najua kwa sababu mwaka uliofuata Gatwiri alirudi peke yake, tukapanda naye mimi na Njeru. Ilikuwa safari ya mwisho ya Njeru. Gatwiri alifika kilele cha Lenana saa tatu asubuhi, akasimama pale juu na mwavuli wake huku upepo unataka kuuvunja, akaniomba nimpige picha. Chupa zake nilikuwa nimezibeba mimi kwenye begi langu, na kila baada ya saa mbili nilimpa bila kungoja aniulize. Akachoka na mimi. "Mzee, hata nusu saa haijaisha," aliniambia mara moja, na kweli haikuwa imeisha.

Tangu hapo sikutoa kitu kwenye begi la mtu bila kumwita mwenyewe. Nilisoma kila chupa. Nilisimama langoni na kila kundi, nikatazama kichwa kimoja kimoja, na asiyekuwa na kofia alivaa yangu ya akiba ambayo ilikuwa mbaya makusudi, ili wanunue zao. Walininung'unikia. Kuna waliosema nimekuwa kama mama wa kambo. Waseme. Nyinyi mnaoanza leo mna simu zinazowaambia hali ya hewa ya kesho, mna losheni inauzwa mpaka Kanja dukani, na bado mnawapandisha watu vichwa wazi kwa sababu mnaogopa kuonekana wasumbufu. Kazi ya kiongozi ni kusumbua. Msumbue mtu chini, kabla hajapanda, akiwa bado anaona na anaweza kukasirika vizuri.

Mwezi uliopita Gatwiri alinipigia simu. Bado yuko Mitunguu, ni naibu wa mwalimu mkuu siku hizi. Aliniambia kwamba kulikuwa na kidoa kwenye ncha ya pua ambacho hakikupona, na kwa kuwa yeye hujiangalia ngozi kila mwezi na kioo, alikiona kikiwa bado kidogo kama punje ya mtama. Daktari alikikata kule Meru mjini. Kilikuwa ni saratani, lakini imetoka yote. Atakuwa akirudi kuangaliwa.

"Mzee, uko?" akauliza.

"Niko."

"Umenyamaza."

"Nafikiria ile safari."

"Wacha hiyo. Mimi nimekulia kwa migomba bila kofia mpaka darasa la tano. Hata nilimuuliza daktari kama ni jua ya mwaka gani. Akaniambia hakuna mtu anaweza kujua ni siku gani ilileta hii."

Yeye hilo lilimtuliza, nilisikia sautini mwake. Aliniuliza habari za viazi, akaniomba nimsalimie mke wangu, akakata simu.

Mimi bado nazihesabu zile siku mbili alizokaa bila chupa zake.